Daftari la polisi na kipigo cha ndani ya nyumba: Unguja, Pemba na Mafia

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa taarifa ya matukio ya udhalilishaji wa kijinsia yaliyoripotiwa katika vituo vya polisi, wilaya kwa wilaya, kuanzia Mjini mpaka Micheweni. Ni kazi ya kupongezwa. Zipo nchi kubwa zenye fedha nyingi ambazo hazitoi takwimu za aina hii kwa utaratibu wa namna hiyo. Miaka ya karibuni jumla ya mwaka hupita matukio elfu moja, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773.

Ukizisoma taarifa hizo mfululizo, jambo moja linajirudia. Waathirika walio wengi, tena kwa mbali, ni watoto. Makosa yanayotajwa sana ni kubaka, kulawiti, shambulio la aibu na kutorosha. Mke aliyepigwa na mumewe haonekani sana. Msomaji wa haraka anaweza kuondoka na imani kwamba visiwani wake hawapigwi, na wapo wanaosema hivyo hadharani, kwamba sisi watu wa visiwani ni wapole, tuna dini yetu na stara zetu.

Mimi sikubaliani nao. Upole wa visiwani ni wa kweli, lakini takwimu hizi haziwezi kuuthibitisha. Takwimu za polisi hazihesabu kilichotokea nyumbani. Zinahesabu kilichofika kaunta, kikaandikwa, na kikapata jina la kosa linaloingia katika orodha ile. Kila hatua kati ya hizo tatu ina watu wanaoshuka njiani, na kwa kipigo cha ndoa wanaoshuka ni wengi kuliko wanaofika.

Tuanze na sheria, kwa sababu askari wa kaunta anaandika kile ambacho sheria imempa.

Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano. Askari aliyeko Wete, Pemba, na askari aliyeko Kilindoni, Mafia, wamevaa sare moja, wanawajibika kwa Inspekta Jenerali mmoja na wanaweza kuhamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Sheria ya jinai, kwa upande wake, si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, Namba 7 ya mwaka huohuo, ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka na Mahakama Kuu yake. Mafia, ingawa nayo ni kisiwa cha Bahari ya Hindi na watu wake wana mila na undugu unaofanana na wa Unguja, iko Mkoa wa Pwani na inafuata sheria za Bara.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Kifungu hicho hakikuweka adhabu, kwa hiyo polisi hawawezi kumfikisha mtu mahakamani kwa kifungu hicho peke yake, lakini walau kinamnyang'anya mume hoja ya kwamba alikuwa anamfundisha adabu mkewe. Mwanamke wa Kilindoni anacho. Mwanamke wa Mkoani, Pemba, hanacho, kwa kuwa Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar. Huko ndoa za Waislamu, ambao ndio karibu wakaazi wote, zinakwenda Mahakama ya Kadhi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, na kadhi anashughulikia talaka, matunzo, malezi ya watoto na mirathi. Kadhi hamfungi mtu kwa kumpiga mkewe.

Pande zote mbili zinakosa kitu kimoja: sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Uganda waliitunga 2010, Kenya 2015. Majirani zetu wa visiwa wameliona hilo pia, Mauritius tangu 1997 na Seychelles kwa sheria yao ya 2020. Sheria za namna hiyo hufanya mambo mawili ambayo sheria ya kawaida ya adhabu haiwezi. Huutaja uhusiano wenyewe, mume na mke, wachumba, mtu na mkwewe, kuwa sehemu ya tatizo, na huiruhusu mahakama itoe amri ya ulinzi kabla mtu hajavunjwa mkono. Kwetu polisi wanabaki na makosa ya jumla: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, kujeruhi, maneno ya kutishia, kuharibu mali. Yaleyale wanayoyatumia kwa walevi waliogombana sokoni.

Sasa twende kaunta.

Tuseme mwanamke anatoka Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Amepigwa usiku. Asubuhi anasubiri boti ya kwenda Chokocho, na gatini wako jirani zake, wako wavuvi waliokuwa baharini na mumewe juzi, yuko mtoto wa shangazi yake. Kila mmoja anamuuliza anakwenda wapi mapema hivi na jicho limemvimba. Kutoka Chokocho atafute gari ya Mkoani. Akifika kituoni anatakiwa aseme shida yake mbele ya kaunta ambayo huenda ina watu wengine watatu wanaosubiri, na mmoja wao anaweza kuwa anamjua baba yake. Kabla hajafungua mdomo, habari ishavuka maji imerudi kisiwani.

Akishaeleza, askari ana njia kadhaa. Akifuata utaratibu, anamwandika kitabuni, anampa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kitabuni, anamwandikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, na kama jambo ni zito linafunguliwa jalada la upelelezi. Njia ya pili ni kumpeleka Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati hayo Jeshi la Polisi lilianza kuyaanzisha mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa wazo zuri kabisa: chumba cha pembeni, askari aliyefunzwa, mara nyingi mwanamke, mazungumzo ya faragha. Njia ya tatu haimo katika mwongozo wowote, na ndiyo iliyozoeleka. Askari anauliza, "Bibie, hili wazee wenu wanalijua?" Akijibiwa hapana, anamrudisha nyumbani. Wakati mwingine anampigia simu mume aje, wanakalishwa pamoja, mume anaomba radhi, wanaondoka. Hapo kitabuni hakuna kitu.

Simlaumu sana askari huyo kwa nia yake. Wengi wanaamini wamenusuru ndoa, na wapo wanawake waliokwenda kituoni wakitaka hilohilo, mume atishwe kidogo aache. Ninacholalamikia ni kwamba hakuandika. Kuandika hakumzuii kusuluhisha. Angeweza kuandika mstari mmoja, kwamba tarehe fulani, mwanamke fulani amelalamika kupigwa na mumewe, wamesikilizwa, ameomba kurudi nyumbani. Mstari huo ungekaa. Bila huo, mwanamke akirudi baada ya miezi mitatu anaanza upya, mbele ya askari mwingine, kama mtu ambaye hajawahi kuonekana kituoni.

Hata akiandikwa, tatizo haliishi. Chukua mwanamke yuleyule, safari hii ameandikwa kila alipokwenda. Mwezi wa pili: shambulio la kawaida, amepigwa kofi. Mwezi wa tano: maneno ya kutishia, mume amesema atamchinja. Mwezi wa nane: kuharibu mali, nguo zake zimechomwa moto uani. Ni mistari mitatu, namba tatu za RB, makosa matatu tofauti, pengine na askari watatu tofauti. Kila mstari ukiusoma peke yake ni jambo dogo ambalo mkuu wa kituo mwenye wizi wa mashine za boti na ajali za bodaboda ataliweka nyuma. Ukiisoma mitatu pamoja unaona mtu anayeelekea kuua. Lakini daftari limepangwa kwa tarehe na kwa kosa, halikupangwa kwa nyumba, na hakuna anayeisoma mitatu pamoja.

Hapa ndipo ilipo nusu ya jibu la kwa nini mke aliyepigwa haonekani sana katika takwimu. Nguo zilizochomwa uani zikiandikwa kuharibu mali, hakuna atakayezihesabu katika udhalilishaji. Maneno ya kutishia vilevile. Na yapo ambayo hayana hata pa kuandikwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Bara, mume anayemlazimisha mkewe kitandani hahesabiwi kuwa amebaka, isipokuwa kama wametengana. Mwanamke wa Mafia akilisema hilo kaunta, askari mwenye huruma kuliko wote hana kosa la kuandika zaidi ya shambulio. Mume anayemnyima mkewe pesa ya chakula, anayemfungia simu, anayemkataza kwenda kwa mama yake, huyo ndiyo kabisa, polisi watamwambia aende kwa kadhi, au kama ni Bara, Baraza la Usuluhishi la Ndoa au ustawi wa jamii.

Nusu nyingine ya jibu iko kabla ya kituo, na mlango wake ni sheha.

Mtu wa Bara anaweza kumfikiria sheha kuwa mwenyekiti wa mtaa tu, kumbe uzito wake ni zaidi ya hapo. Sheha ni kiongozi wa shehia, ngazi ya chini ya utawala Zanzibar; anateuliwa na serikali, ni mtu anayejua kila nyumba, na yeye ndiye mkono wa utawala ulio karibu kuliko wote. Katika visiwa vidogo kama Tumbatu, Kojani au Uzi, mara nyingi polisi yuko mbali, na sheha yuko mlango wa tatu. Kwa hiyo mwanamke akipita wazee wake, anayefuata ni sheha. Masheha wengine wanafanya kazi ya kuaminika sana: wanamchukua mwanamke, wanamwandikia barua, wanamfuatisha mpaka kituoni, wanamtafutia pa kulala. Wengine wanaita pande mbili wakae kitako, mume analipa faini kwa wakwe, mke anarejeshwa. Muhali, ile haya ya kumkosea mtu wa karibu, unafanya kazi yake hapo. Sheha naye ana binti aliyeolewa katika ukoo ule, au mume ndiye aliyemsaidia kaburi la babake lilipochimbwa. Katika kijiji cha nyumba 200, hakuna mtu asiyekuwa na lake kwa mwenzake, na anayepeleka jirani yake polisi atakutana naye msikitini adhuhuri, dukani alasiri, na katika maulidi mwezi ujao.

Watoto ndio walioubomoa ukuta huo kidogo. Mtoto anapobakwa, muhali hupungua. Wazazi hukasirika, wanaharakati wa TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, na wa ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, hupiga kelele, waandishi hufuatilia, na serikali ikabidi isikie. Kituo cha kwanza cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja 2011, kikiwa na daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii katika sehemu moja, ili aliyedhalilishwa asizungushwe. Baadaye vituo vikafika Unguja vijijini na Pemba. Mwaka 2021 zikaja mahakama maalumu za udhalilishaji, na kilio kilichozizaa kilikuwa hasa cha watoto ambao kesi zao zilikuwa zinafia njiani. Kwa hiyo mtandao mzima wa kupokea, kupima, kuandika na kushitaki umejengwa kwa kumfikiria mtoto aliyebakwa. Alistahili, na angestahili zaidi. Lakini mke mwenye jicho lililovimba akipita katika mtandao huo, anaonekana kama mtu aliyekosea mlango, na hesabu ya mwisho wa mwezi inaonyesha hivyohivyo.

Visiwa vidogo vina ugumu mwingine ambao watu wa takwimu wanaujua na wengine hatuufikirii. Namba ikiwa ndogo sana, inamtaja mtu. Ukichapisha kwamba wilaya fulani ilikuwa na tukio moja la aina fulani mwezi uliopita, ukaongeza umri wa mwathirika, watu wa wilaya hiyo hawahitaji jina. Gazeti likiongeza shehia, limemaliza. Mwanamke mwenye akili timamu anayeona jirani yake alivyotambulika anajifunza kunyamaza. Na tarakimu zenyewe zinayumba: kutoka matukio mawili kwenda manne ni ongezeko la asilimia mia moja, wakati pengine kilichobadilika ni kwamba dawati limepata askari mwanamke anayesikiliza, na wanawake wawili wameambizana. Ndiyo maana mimi namba ikipanda katika wilaya ndogo siogopi haraka. Naogopa zaidi wilaya ya watu maelfu kwa maelfu inayoandika sifuri miezi mfululizo.

Na askari mwenyewe? Katika kisiwa, askari ama ni mwenyeji ama ni mgeni, na pande zote mbili zina gharama. Mwenyeji anaelewa mwanamke anaposema "tumekorofishana kidogo" huku kanga imefunika mkono mzima. Anajua kwamba hapo pana kipigo. Lakini mwenyeji huyo anaweza kuwa alisoma skuli moja na mume. Mgeni aliyehamishiwa kutoka Bara hana ndugu wa kumwonea haya, ila atachukua maneno kama yalivyo, ataandika ugomvi wa kawaida, na akishaanza kuijua jamii anahamishwa tena. Uhamisho huo unaondoka na kumbukumbu yote iliyokuwa kichwani mwake, na kwa kuwa kumbukumbu haikuwa kitabuni, imepotea.

Scotland wamekutana na tatizo la aina hii. Visiwa vyao vya Shetland na Orkney, pamoja na vile vya magharibi, tangu 2013 vinalindwa na polisi mmoja wa nchi nzima, na askari hupelekwa huko kutoka bara. Wao wana utaratibu ambao ningependa Ziwani, makao makuu ya polisi Zanzibar, wautazame. Polisi wanaandika tukio la unyanyasaji wa nyumbani kama tukio, hata pale ambapo hakuna kosa la jinai lililothibitika, na takwimu za serikali zinaonyesha hesabu mbili: matukio yote, na yale yaliyozaa kosa, ambayo ni chini ya nusu. Kisha sheria yao ya 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019, imeufanya mwenendo mzima wa kumnyanyasa mwenzi kuwa kosa moja. Kofi la mwezi wa pili, tishio la mwezi wa tano na nguo za mwezi wa nane zinaingia katika shitaka moja. Sisemi tuige sheria ya watu wengine neno kwa neno. Mazingira yetu yana kadhi, yana sheha, yana ukoo. Lakini safu moja ya ziada katika kitabu cha kituo, inayosema mshitakiwa ni nani kwa mlalamikaji na kama alishawahi kulalamikiwa, haihitaji Baraza la Wawakilishi lipitishe kitu. Inahitaji amri ya kamanda na kalamu.

Limebaki jambo la kufuta kesi, ambalo watu wengi wanalielewa vibaya. Husikika mara kwa mara kwamba fulani "amekwenda kufuta kesi ya mumewe". Mlalamikaji anaweza kuandika kwamba hataki kuendelea, na bila ushahidi wake kesi nyingi huanguka kweli. Lakini kisheria kesi ya jinai si yake. Zanzibar uamuzi wa kushitaki au kuacha kushitaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Bara, sheria ya mwenendo wa jinai inaruhusu maridhiano yahimizwe kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi, ila ruhusa hiyo imepewa mahakama. Haikupewa kaunta, wala mkuu wa kituo, wala shemeji aliyekuja na bahasha. Askari anayemwambia mwanamke kwamba jalada limefungwa kwa sababu wazee wamesuluhisha anatumia madaraka ambayo si yake, na mwanamke ana haki ya kumwomba mkuu wa kituo amwonyeshe uamuzi huo uliandikwa na nani.

Kuna sababu nyingine ya kuidai karatasi, hata kwa yule ambaye hataki mumewe afungwe. Wanawake wengi wa visiwani wanaopigwa hawataki jela, wanataka kuachwa kwa usalama, wabaki na watoto, wapate haki zao. Hilo ni la kadhi. Mbele ya kadhi, mwanamke anayeomba ndoa ivunjwe kwa kudhurika anatakiwa aonyeshe madhara, na mume atakana. Akiwa na namba za RB za tarehe tofauti, nakala ya PF3 yenye maandishi ya daktari na shahidi mmoja wa jirani, anasimama mahali tofauti kabisa na yule mwenye maneno matupu. Wasaidizi wa sheria waliopo mashehiani, ambao Zanzibar imewatambua kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, wanaweza kumsaidia bila malipo kuzikusanya. Cha kwanza ni kupiga picha PF3 kabla haijarudishwa kituoni, kwa kuwa fomu hiyo ikishaingia katika jalada, kuipata tena kunaweza kuchukua miezi.